Gunia Lina Etiketi, Mtoto wa Mabanga Hana

Jumamosi asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Mabanga bado inanuka moshi wa makala, lakini watoto wamekwisha kufika kiwanjani. Wanatoka Katoyi, Kasika, Majengo, wote kwa miguu, isipokuwa wale wadogo wanaopandishwa na kaka zao juu ya chukudu. Kiwanja chenyewe ni kipande cha udongo mweusi, hakina hata jani moja. Mvua kubwa ikinyesha, mawe mapya yanatokea, kwa hiyo kazi ya kwanza ya mazoezi si kukimbia, ni kuokota mawe na kuyarundika pembeni. Kwa Kilingala mabanga ni mawe. Anayesema jina halifai, aje aanguke hapa mara moja na goti tupu.

Sisi tuko sendika ya wachimbaji. Watu wanatuuliza kila mara: ninyi watu wa shimo, mpira munautafutia nini? Jibu letu ni fupi. Baba wengi wako kwenye machimbo ya Masisi, familia zao ziko hapa Goma wanalipa nyumba. Baba akiumia, ao shimo likianguka, ao bei ya koltani ikishuka, mtoto mkubwa wa kiume ndiye anatazamwa wa kwanza. Ana miaka kumi na tatu, kumi na nne, mgongo wake bado haujakomaa, na tayari mtu anamwambia: njoo ubebe gunia. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu asiyefikisha miaka 18, na haimruhusu kufanya kazi ya namna hiyo. Sheria hiyo tunaijua kwa kichwa. Lakini kumwambia mtoto «usiende shimoni» bila kumuonyesha mahali pengine pa kwenda, ni maneno ya bure. Ndiyo maana tulinunua mipira miwili na filimbi moja, tukaanza. Hatukuwa tunatafuta Chancel Mbemba mwingine. Tulikuwa tunatafuta kitu cha kumshika mtoto saa za mchana.

Lakini mpira una mambo yake. Mtoto akicheza vizuri, hawezi kubaki kwenye kiwanja cha mawe, anataka kupanda. Na pale alipoanza kupanda yule wa kwanza, ndipo tulielewa kwamba njia ya kupandia hatukuijua.

Ngazi iko hivi. Chini kabisa kuna ekipe za avenue: leo ziko, kesho haziko, zinacheza juu ya jezi ao juu ya kreti ya soda. Juu yake kuna santa za kata, kama hii yetu, mahali ambapo kocha mmoja anafuata kundi moja la watoto mwaka mzima. Kisha kuna klabu zilizoandikwa kwenye Entente Urbaine ya mpira ya Goma, zenye vijana wa kadeti na wa junia. Hapo ndipo mtoto anapata lisansi yake ya kwanza. Juu ya Entente iko ligi ya jimbo, LIFNOKI, ambamo wa Goma wanakutana na wa Butembo na wa Beni. Mwisho iko Linafoot, ligi ya nchi nzima, mahali ambapo jimbo letu limepeleka klabu kama DC Virunga na Dauphin Noir za hapa Goma, na AS Nyuki ya Butembo. Baada ya pale ni Kinshasa, Lubumbashi, ao nje ya nchi.

Ukitazama kwenye karatasi, ni ngazi nzuri. Ukitazama kiwanjani, ngazi ya kwanza na ya pili zinagusa udongo, ya tatu iko juu, na katikati hakuna kitu. Mtoto anaruka. Anayemsaidia kuruka mara nyingi ni komisionere, mtu mwenye simu mbili na viatu safi, anayesimama pembeni ya kiwanja siku ya mechi akiuliza: «Ule wa kushoto, ni wa nani?» Sisi watu wa madini tunamjua huyu mtu vizuri. Kwenye machimbo pia yuko. Hachimbi, hasafirishi, hana shimo. Lakini kila gunia linapita mikononi mwake, na kila likipita linaacha kitu.

Kule Katanga hadithi ni nyingine. Kampuni kubwa za madini zilijenga kambi, na ndani ya kambi mukawa masomo, hospitali na viwanja. Mpaka leo Lubumbashi kuna akademi ya TP Mazembe, mahali mtoto analala, anasoma na kucheza chini ya paa moja. Na Mazembe ndiyo klabu ya kwanza ya Afrika iliyofika fainali ya kombe la dunia la klabu, mwaka 2010. Huku kwetu madini yanachimbwa kwa mikono, yanabebwa mgongoni, yanaondoka kwa gari. Nyuma hapabaki hata poteo ya goli.

Sasa tuseme juu ya yule wa kwanza.

Alifika kwetu akiwa na miaka kumi na mmoja hivi. Baba yake alikuwa mwanachama wetu, alikwisha kufariki. Mama anauza sambaza Virunga. Mtoto alikuwa anatumia mguu wa kushoto, hakuwa mkubwa, lakini alikuwa anaona pasi mbele ya wengine wote. Alikaa nasi miaka minne. Kocha wetu, ambaye ni mwalimu wa masomo ya msingi na halipwi hata franka, alikuwa anampitia nyumbani kila mwezi kuangalia karatasi yake ya pointi. Alipofika miaka kumi na mitano akaja komisionere, akaongea na mama usiku, asubuhi mtoto hayuko. Alipelekwa katika klabu ya mji mwingine. Hatutataja jina, haitasaidia kitu. Mama alipewa pesa kidogo ya kulipa deni la nyumba. Sisi hatukuulizwa. Tulikasirika wiki moja, kisha tukafurahi, juu mtoto alikuwa anacheza.

Miaka ikapita, akatoka nje ya nchi. Siku moja akatuandikia kwenye WhatsApp: «Ba papa, tazameni hii.» Ilikuwa picha ya karatasi inayoitwa pasipoti ya mchezaji. Si ile ya kuvukia mpaka. Ni orodha ambayo federasyon ya nchi inatoa, inayoonyesha mchezaji alikuwa klabu gani kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12. Kwenye mistari ya miaka yake ya Mabanga kulikuwa jina la klabu ambayo hakuichezea hata dakika moja. Miaka yote minne. Kila Jumamosi ya kuokota mawe, kila bidoni ya maji, kila safari ya kocha kwenda kuona pointi za masomo, vyote vimeandikwa kwa jina la mtu mwingine.

Tulikaa ofisini tukitazama ile picha. Mmoja wetu, mzee aliyefanya kazi ya kuandika magunia Rubaya miaka ile, akasema: «Gunia iko na etiketi, mutoto hana.»

Msomaji asiyejua habari za madini tumueleze kidogo. Kwa miaka mingi, kila gunia la koltani lililotoka kwenye shimo lililoruhusiwa lilikuwa linafungwa etiketi yenye namba, na namba inaandikwa kwenye daftari pamoja na jina la mahali. Lengo ni kwamba kiwanda cha Asia ao cha Ulaya kiweze kujua mawe yametoka wapi. Hatudanganyi: etiketi ziliuzwa kando, magunia ya shimo moja yalitoka na namba za shimo lingine, na shirika la Global Witness liliandika kitabu kizima juu ya udanganyifu huo mwaka 2022. Tangu 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23 na mambo yamebadilika tena. Lakini hata etiketi ya uongo inaonyesha kwamba kuna mtu aliyefikiri mahali pa kutoka pana maana. Kwa mguu wa kushoto wa mtoto wetu, hakuna aliyefikiri.

Ao tuseme kweli: kuna waliofikiri, na sisi ndio hatukuwa na habari. Federasyon ya dunia, FIFA, ina sheria inayoitwa ya mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine kabla kontra yake haijaisha, asilimia 5 ya bei inatolewa na kugawiwa klabu zilizomfundisha kuanzia mwaka wake wa 12 mpaka wa 23. Kila mwaka kutoka 12 mpaka 15 unahesabiwa asilimia 5 ya ile sehemu, kila mwaka kutoka 16 mpaka 23 asilimia 10. Fanya hesabu pamoja nasi. Mchezaji ameuzwa dola milioni moja. Asilimia 5 ni dola 50.000. Miaka minne ya kwanza, 12 mpaka 15, inapata dola 10.000. Hiyo miaka minne kwa yule mtoto ilikuwa Mabanga yote.

Bado hajauzwa bei hiyo, na pengine hatauzwa. Hatuhesabu pesa ya mtu. Ila dola 10.000 kwa santa yenye mipira miwili si pesa ya kuacha hivi hivi, na kwa mtu aliyejiandikia miaka isiyo yake hiyo ndiyo sababu ya kujiandikia. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi yake ya malipo, inayokusanya pasipoti hizi kwa kompyuta na kupitisha pesa yenyewe. Ni jambo zuri. Lakini kompyuta inasoma kile kilichoandikwa. Klabu ya mafunzo ikiwa haiko tena, sehemu yake inaweza kwenda kwa federasyon ya nchi ile, kwa ajili ya mpira wa vijana. Haipotei yote, lakini njia kutoka kule mpaka kiwanja cha mawe ni ndefu sana.

Hapa tukubali kosa letu. Santa yetu haikuwa imeandikwa popote. Watu wa Entente walikwisha kutuambia tuandikishe klabu na kuchukua lisansi za watoto. Tukaona ni pesa ya bure, tukasema sisi tunacheza tu. Kwa hiyo hata mtu mwema kabisa katika federasyon, akitafuta jina letu kwenye daftari, asingelipata. Mwizi alikuta mlango wazi, na walioacha mlango wazi ni sisi, watu wa sendika, ambao kila siku tunawapigia kelele wachimbaji: chukueni kadi, chukueni kadi.

Kuna na jambo la miaka, ambalo hapa mjini watu wanacheka nalo, lakini halichekeshi. Ukimuuliza mtoto miaka yake kiwanjani, anakuuliza kwanza: «Ya masomo ao ya mpira?» Makocha wengine ndio wanawafundisha. Punguza miwili, punguza mitatu, utakaa kadeti mpaka ndevu zitoke. Wote wanakumbuka mwaka 2014, Rwanda ilipoondolewa katika michezo ya kutafuta kombe la Afrika la 2015 juu ya mchezaji mmoja mwenye makaratasi mawili: huko aliitwa Daddy Birori, huku kwenye Vita Club ya Kinshasa aliitwa Etekiama Agiti Tady, na tarehe za kuzaliwa hazikufanana. Timu nzima ilitolewa, nafasi ikapewa Kongo-Brazzaville. Mtoto anayepunguza miaka akiwa Mabanga anaona ni hila ndogo. Atakapofika juu, atakuta ile hila inamngojea mlangoni.

Na mara nyingi si hila, ni karatasi kukosekana. Sheria ya familia inampa mzazi siku 90 kuandikisha mtoto bila malipo. Siku hizo zikipita, inatakiwa hukumu ya korti ya watoto, na pale kuna safari, kuna kungojea, kuna «rudi kesho». Mama aliyejifungulia njiani akikimbia vita, siku 90 zinamkuta wapi? Na hata aliyekuwa na karatasi: mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka na serikali ikasema kata kumi za Goma ziondoke, Mabanga zote mbili, ya kaskazini na ya kusini, zilikuwa ndani. Tulikimbia kwenda Sake na matelasi kichwani. Nani alifikiri kuchukua acte ya kuzaliwa?

Mama mmoja alituambia: «Mutoto wangu alizaliwa wakati wa volcan.» Tukamuuliza, ya 2002 ao ya 2021? Akacheka sana. Mtoto alikuwa amesimama pale, mrefu kumpita. Lakini kwa kalenda ya Goma ile ilikuwa jibu zuri, na tuliliandika.

Sisi si wa kwanza kufikiri mambo haya mjini hapa. Watu wa basketi walitutangulia. Promo Jeunes Basket, iliyoanzishwa Goma mwaka 2006 na Dario Merlo, iliweka masomo na mpira katika mfuko mmoja: mtoto anafuatwa darasani kama anavyofuatwa kiwanjani. Tuliwatazama kwa wivu kidogo, tuseme kweli. Katika mpira wa miguu tumezoea kufikiri kwamba talanta itajitetea yenyewe.

Kuna pia mpaka. Hapa ukivuka Petite Barrière uko Gisenyi, na kule kuna klabu za ligi ya kwanza ya Rwanda, Etincelles na Marine. Sheria ya FIFA inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Moja ya hizo inatugusa sisi moja kwa moja: mtoto anayekaa si zaidi ya kilometa 50 kutoka mpaka anaweza kuchezea klabu iliyo pia ndani ya kilometa 50 upande wa pili, mradi aendelee kulala kwao na federasyon zote mbili zikubali. Hatusemi ifanyike leo, kila mtu anajua hali ilivyo. Tunasema tu kwamba komisionere anayemwambia mama «kule sheria inaruhusu, anaenda kuishi kule», anasoma nusu ya sheria. Nusu ya pili inasema mtoto anarudi nyumbani jioni.

Mwisho wa Januari 2025 vita iliingia mjini. Wiki kadhaa hakuna aliyefika kiwanjani, na hatukuwa na moyo wa kuita mtu. Tangu pale ndege hazitui Goma, benki zimefunga milango, na kijana anayeitwa kujaribiwa Kinshasa anapaswa kuzungukia nchi za jirani kama mfanyabiashara, kama atapata wa kumlipia. Watoto wa kambi za wakimbizi za Kanyaruchinya na Bulengo, waliokuwa wanakuja kucheza nasi, waliondoka mwezi wa pili kambi zilipovunjwa. Kulikuwa kipa mmoja, mtu wa maneno machache, aliyevaa glavu za kujengea nyumba. Hatujui yuko kijiji gani. Na mtoto mkubwa asiye na masomo wala kiwanja katika nchi hii, msomaji wa Kivu anajua anaangaliwa na nani. Neno kadogo tulilijua kabla ya kujua neno akademi.

Watoto ndio walirudi wenyewe. Jumamosi moja tulipita pale, tukawakuta wanaokota mawe.

Basi tukaanza upya, na safari hii tulianza na daftari. Ni daftari kubwa lenye mistari, kama lile la magunia. Ukurasa mmoja kwa mtoto mmoja. Jina lote, jina la mama, jina la baba, siku ya kuzaliwa na karatasi inayoishuhudia, na kama haiko, tunaandika haiko. Masomo gani, darasa gani. Siku aliyofika kwetu. Kila mwisho wa msimu kocha anatia sahihi, mzazi anatia sahihi ao kidole. Mtoto akiondoka, tunaandika ameondoka lini, na nani, kwenda wapi, na anayemchukua anaweka jina lake na namba ya simu. Nakala moja inakaa kwa mzazi. Santa tumeiandikisha kwenye Entente, kwa michango ya wachimbaji wenyewe. Kuna waliolalamika kwamba pesa ya sendika inaliwa na mpira, na mkutano ule ulikuwa mrefu. Wasichana nao wana kurasa zao. Mwanzoni kuna aliyeuliza kama ni lazima, akajibiwa na binti yake mwenyewe.

Makomisionere hawapendi lile daftari. Mmoja alitazama mahali pa kuandika namba ya simu, akasema amesahau kalamu. Tulimpa kalamu. Akasema atarudi Jumatatu.

Kwa wazazi tunaomba kitu kimoja. Usikubali mtoto aondoke usiku. Anayemtaka kwa nia nzuri atakuja mchana, atakaa kwenye kiti, atasoma ukurasa. Kama una deni la nyumba, njoo tuliongelee hilo deni, si aibu, sisi wote tuko nalo.

Jumamosi iliyopita tuliandika wapya. Kijana mmoja alifika mbele ya meza, tukamuuliza miaka. Akasema kumi na mmoja. Mama yake alikuwa nyuma yake na mfuko wa sombe, akamgusa bega. «Kumi na mitatu,» akasema kijana, akitazama chini. Kocha akaandika 13, akageuza daftari ili mama aone, kisha akamtuma kijana akaokote mawe na wenzake upande wa goli la chini.